MAPENZI YA BABA NA MIZANI YA DUKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

 

Februari 2024, vita vilipofika hapa Shasha na barabara ya Sake kwenda Minova ikakatika, familia moja yenye duka la chumvi, sabuni na mawese iligawanyika. Wadogo walikimbilia Goma. Mkubwa alibaki na baba mgonjwa, akilinda mali. Siku zake za mwisho mzee akasema kwa machozi kwamba duka lote ni la huyo mkubwa. Akafariki. Siku ya tatu baada ya maziko, wadogo wakanijia na hasira, wanataka mali igawanywe siku hiyo hiyo.

Nikawaambia warudi Ijumaa. Mtume (s.a.w.) alimkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira, na wanazuoni wakaongeza humo njaa, huzuni kubwa, hata furaha iliyopita kiasi. Nami nilikuwa na huzuni, maana mzee alikuwa rafiki yangu.

Je, mapenzi ya baba yalikosea? Sayyidna Abubakar (r.a.) alimpa binti yake Bibi Aisha mavuno ya mitende, wasaq 20. Alipokaribia kufa, mwaka 634, alimweleza kwamba hakuna ambaye angependa awe na mali kuliko yeye, lakini kwa kuwa hakuwa ameyapokea, sasa ni ya warithi wote. Alimpenda vile vile, na mali akaiacha kwa warithi.

Basi zawadi ya mzee kwa mrithi, katika maradhi ya mauti, haisimami ila warithi wenzake wakiridhia. (Na dada zao pia ni warithi, ingawa hakuna aliyekuja nao.) Lakini machozi yale hayakuwa ya bure. Yaliona jambo ambalo daftari la duka halikuandika: kijana alifanya kazi miezi mingi bila mshahara. Kama alijitolea, thawabu yake iko kwa Allah. Kama aliahidiwa, ujira ni deni, na deni hulipwa kabla ya mirathi (Suratun Nisaa, aya ya 11). Huenda mzee alitaka kulipa deni, akaliita zawadi.

Ijumaa wakaja, safari hii pamoja na dada zao. Niliuliza kama kulikuwa na ahadi. Wote wakanyamaza, kisha mdogo kuliko wote, aliyekuwa mkali zaidi siku ile, akasema alimsikia baba akiahidi kulipa vita vikiisha. Sasa wanabishana juu ya kiasi tu.