Tamu na Nzuri: Ushahidi wa Mtazamaji wa Kawaida juu ya Filamu

Mtu anapotoka kutazama filamu akasema kwamba ni nzuri, kisha akaipa alama saba kati ya kumi, anakuwa amefanya mambo mawili ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa moja: ameeleza yaliyompata alipokuwa akitazama, na papo hapo amedai jambo kuhusu filamu yenyewe. Swali linalozuka hapo lina umri mkubwa kuliko sinema, nalo ni kama dai la pili linaweza kuzaliwa na lile la kwanza, yaani kama raha ya mtu mmoja, au hata ya watu laki moja, inatosha kuwa hoja ya ubora wa kitu kilichowapa raha hiyo. Rai inayotetewa hapa ni kwamba alama ya mtazamaji wa kawaida ni ushahidi, wala si hukumu, na kwamba ushahidi huo una nguvu kubwa katika mambo fulani na hauna nguvu katika mengine, ingawa tarakimu yenyewe haionyeshi mpaka huo umepita wapi.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kinachochunguza uwezo wa binadamu wa kuhukumu, alitenganisha kile kinachopendeza hisi na kile kilicho kizuri. Kwa mfano wake mwenyewe, mtu anayesema kwamba divai ya Canary inapendeza hukubali akisahihishwa kwamba inampendeza yeye, kwa kuwa ulimi wa mwenzake haulazimiki kukubaliana na wake. Lakini anayekiita kitu kizuri huzungumza kana kwamba uzuri ni sifa ya kitu chenyewe, na hutazamia kila mtu amkubalie, ijapokuwa hana kanuni ambayo kwayo angeweza kumshurutisha yeyote. Kiswahili kina maneno tayari kwa tofauti hiyo. Filamu huitwa tamu, na utamu hauachi kuulizwa ni utamu wa kinywa cha nani. Huitwa pia nzuri, na hapo kinywa hakitajwi. Msemaji wa Kiswahili haoni taabu kusema kwamba picha fulani ni tamu lakini si nzuri, wala kwamba ni nzuri lakini haina utamu, na wasikilizaji wake humwelewa bila kumsoma Kant.

Sarufi nayo huusaidia uchambuzi huu. "Nimeipenda" humfanya mtazamaji kuwa mtenda na filamu kuwa mtendwa. "Imenichosha", "imeniliza" na "imenikuna" hugeuza mambo, filamu ikawa ndiyo inayotenda na mtazamaji akabaki ndani ya kitenzi, katika kiambishi "ni", akipokea. "Ni nzuri" humwondoa kabisa. Mtu mmoja akiisimulia filamu moja kwa dakika tatu hupita katika miundo yote hiyo bila kujitambua, sasa akiwa shahidi, sasa akiwa kadhi. Hata neno "maoni" lina mzizi mmoja na kitenzi "ona", ambacho kina mzao mwingine, "onelea", na umbali uliopo kati ya mtu aliyeona na mtu aliyeonelea ndio moyo wa suala zima.

Tarakimu hufuta umbali huo. Filamu iliyopewa tano na watazamaji wote, na filamu ambayo nusu ya watazamaji waliipa moja, na wengine wote wakaipa tisa, hupata wastani uleule wa tano, ilhali ya kwanza haikumgusa mtu na ya pili imegombanisha nyumba. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanza mwaka 1998, hutangaza asilimia ya wahakiki walioisifu filamu, kwa hiyo filamu ambayo kila mhakiki ameiona kuwa inafaa tu yaweza kufikia asilimia mia pasipo hata mmoja kuipenda sana. Lakini tukio linalofundisha zaidi ni la mwaka 2017, pale kampuni ya Netflix ilipoacha nyota tano na kuweka dole gumba la juu au la chini. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba watu walizipa nyota nyingi filamu za hali halisi zenye mambo mazito, wakazipa nyota chache filamu za kuchekesha ambazo ndizo hasa walizokuwa wakizitazama. Kwa mfanyabiashara huo ulikuwa mkanganyiko wa data. Kwa mwanafalsafa ulikuwa ushahidi kwamba watazamaji wa kawaida wanajua vizuri kutenga kinachowafurahisha na kinachostahili heshima, na kwamba walipopewa nyota walijitahidi, kinyume na tuhuma wanayotupiwa kila siku, kusema juu ya uzuri na si juu ya utamu.

Elimu ya Hadithi za Mtume, ambayo kwa karne nyingi imechunguza namna habari inavyopokewa na kupimwa, ina zana zinazofaa hapa. Kila hadithi ina matini, ambayo ni maneno yenyewe, na isnadi, ambayo ni mlolongo wa wapokezi waliopokezana maneno hayo, na mpokezi hupimwa uadilifu wake pamoja na uimara wa kumbukumbu yake kabla maneno yake hayajakubaliwa. Kwa kipimo hicho, wastani wa alama ni matini isiyo na isnadi. Yaweza kujibiwa kwamba wingi wa watazamaji unaziba pengo hilo, na kwa kweli wataalamu wa Hadithi wana aina ya habari inayoitwa mutawatiri, yaani iliyopokewa na watu wengi kiasi kwamba haiyumkiniki kuwa wamekula njama ya kusema uongo. Hata hivyo waliweka sharti ambalo watetezi wa wastani hulisahau: habari hiyo iishie kwenye jambo lililohisiwa, wapokezi wa mwanzo wawe waliona au walisikia, wala isiwe rai waliyoifikia kwa kufikiri. Umati ukisema uliliona jiji, jiji lipo. Umati ukisema jambo fulani ndilo sahihi, wingi wake haujathibitisha usahihi wa jambo hilo. Basi watazamaji laki moja wanaweza kuthibitisha bila shaka yoyote kwamba filamu fulani inaliza, kwamba inachekesha, au kwamba saa yake ya pili inachosha, na hakuna mhakiki, hata awe na shahada ngapi, mwenye haki ya kuwakanusha katika hayo, kwa kuwa wao ndio waliolia na wao ndio waliochoka. Kama filamu ni nzuri, hilo hawakuliona; walilionelea.

Masharti mengine mawili ya ushahidi, kwamba shahidi awe alikuwepo na kwamba mashahidi wasiwe wamepatana, yamejitokeza yenyewe katika historia fupi ya alama za filamu. Mwaka 2019, baada ya watu kujipanga kuishusha filamu ya "Captain Marvel" ambayo walikuwa hawajaiona, Rotten Tomatoes ilizuia maoni ya watazamaji kabla ya filamu kutoka, na miezi michache baadaye ikaanza kutenga alama za watu waliothibitika kununua tiketi. Kadhi yeyote wa Lamu angewaambia mapema.

Jirani wa jambo hilo ni CinemaScore, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo huwauliza watazamaji wanapotoka ukumbini usiku wa kwanza na kuipa filamu herufi kuanzia A+ hadi F. Filamu ya Darren Aronofsky iitwayo "mother!" ilipata F mwaka 2017, ingawa wahakiki wengi waliisifu. Herufi hiyo haikuwa uongo. Ilipima pengo kati ya kile ambacho tangazo liliahidi na kile ambacho ukumbi ulipewa, na pengo ni jambo la kweli, ila ni sifa ya uhusiano wa filamu na matarajio na si ya filamu peke yake. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, vile vya mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni, matarajio hayo yana kanuni yake mashuhuri, kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Steringi akifa, watu wazima hutoka wakinung'unika kama waliodhulumiwa nauli. Isitoshe, katika vibanda hivyo husikika mara nyingi sauti ya mfasiri, kama Lufufu wa Tanzania, DJ Afro wa Kenya au VJ Jingo wa Uganda, anayeisimulia filamu upya na kuitilia chumvi yake, hata mtazamaji anapotoka akisema picha ilikuwa kali ni vigumu kujua sifa ni ya mwongozaji wa ng'ambo au ya mwenye kipaza sauti.

Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alikimbilia kisa alichokitoa katika riwaya ya Cervantes, cha waonjaji wawili waliopewa divai ya pipa moja, mmoja akaisifu ila kwa ladha kidogo ya ngozi, mwingine akaisifu ila kwa ladha ya chuma, wakachekwa wote wawili, hadi pipa lilipomiminwa na kukutwa chini yake ufunguo wenye kamba ya ngozi. Hume alihitimisha kwamba wapo waamuzi wa kweli, wachache, wenye hisi nyepesi, mazoezi, uzoefu wa kulinganisha na nafsi isiyo na upendeleo. Kasoro ya hitimisho hilo ni kudhani kwamba sifa hizo hukaa daima kwa watu walewale. "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na bila shaka ukumbini mle kulikuwa na watu waliolinganisha taa na mikato ya kamera na mamia ya filamu nyingine. Lakini mzee wa Unguja asiyejua jina la mwongozaji hata mmoja husikia kama neno limetamkwa kimjini au la, huona kama buibui limevaliwa inavyopaswa, na anapokunja uso kwa jambo lililompita kila mtu, ufunguo wa chini ya pipa ni yeye aliyeuonja.

Kwa sababu hiyo sentensi inayoandamana na alama inafaa kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa. Ichukuliwe sentensi ya aina inayosikika kila siku: "Mwanzo mtamu, katikati inazubaa, mwisho wameharakisha, ila yule mama kaigiza hasa, saba." Kipande cha kwanza ni ushahidi wa kinywa. Cha pili kinaitwisha filamu hali ambayo huenda ilikuwa ya mtazamaji, kwa maana anayezubaa ni mtu. Cha tatu kina kiambishi "wa" kisicho na jina nyuma yake, watu wasioonekana waliotakiwa kufanya kazi wakaikata njiani, na hapa mtazamaji ameshavuka kutoka kuhisi hadi kufikiri, kwa kuwa haraka ya mwisho haionekani ila kwa mtu aliyejua ni mambo mangapi yalikuwa yamefunguliwa na hayajafungwa. Cha nne kinamtenga mwigizaji na filamu yake, utengano ambao wastani wowote hauwezi kuufanya. Vinne hivi vinaweza kubishaniwa, kuungwa mkono kwa kuirudia filamu, au kukanushwa. "Saba" haikutokana na kimojawapo, na mtu aliyesema yote manne angeweza kumalizia kwa tano au nane asijipinge.

Yapo pia masuala ya mtu kubadili rai yake. "Sholay" ya mwaka 1975 ilipokewa kwa ubaridi nchini India katika majuma yake ya kwanza, kisha watu wakaanza kuambiana, mtu kwa jirani yake na jirani kwa shemeji yake, ikadumu katika ukumbi mmoja wa Bombay kwa zaidi ya miaka mitano. Sifa hiyo ilikuwa na isnadi, kila aliyeipokea akimjua aliyempa na akijua kinywa chake kinapenda nini. Ama mtu mmoja anayejibadilisha mwenyewe, fikihi ya Kiislamu ina mlango mzima juu ya shahidi anayerejea katika ushahidi wake, ambapo akirejea kabla ya hukumu ushahidi wake huporomoka, na akirejea baada ya hukumu katika mambo ya mali hukumu husimama lakini yeye hulipa fidia kwa hasara aliyoisababisha. Mtazamaji aliyeipa filamu nne akiwa na miaka ishirini, akaipa tisa akiwa na miaka arobaini, hadaiwi kitu. Anaandika tisa juu ya nne, wastani unasogea kwa kiasi kisichoonekana, na ile nne, ambayo ilikuwa kweli ya kijana mmoja usiku ule, haipo tena mahali popote, isipokuwa kama siku ile aliandika pia kwa nini.