Mwenye Karata Kali Aanze na Neno Dogo

Kuna methali tunaitumia kila siku bila kuiuliza swali: mwenye nguvu mpishe. Inatumika barabarani daladala inapochomekea, inatumika maofisini, inatumika kwenye vikao vya ukoo. Inamtwisha mnyonge jukumu lote: yeye ndiye atazame, yeye ndiye akae pembeni. Haisemi mwenye nguvu naye afanye nini akishapishwa. Swali langu liko huko, na nitaliulizia kwenye mchezo wa karata. Karata zina faida moja ambayo maisha hayana: nguvu ya kila mtu inahesabika.

Tuanze na za kwetu. Ukipita vijiweni Mwananyamala au Tandika jioni utakuta bao, utakuta drafti, utakuta karata. Vijana wengi ni lastikadi. Wazee wa pwani wanaujua wahedi wa sitini, yaani sitini na moja. Majina ya karata zenyewe yametoka kwa Wareno na yakabaki hapa: shupaza, kopa, uru, pau, na turufu inayokula zote. Katika wahedi wa sitini ree ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Jumla ya zote ni 120, kwa hiyo akifika 61 amevuka nusu, mchezo wake.

Sasa angalia: mchezo huu hauna nafasi ya kusema. Mkicheza wawili kwa wawili na wewe umeshika ree ya turufu, huna neno halali la kumwambia mwenzako. Ndiyo maana palipo na karata za namna hii hapakosi mtu wa kukonyeza, wa kukohoa, wa kujikuna sikio. Kwetu hilo ni sehemu ya utamu. Lakini pia linatuonyesha kwamba watu wawili walio upande mmoja hawawezi kuvumilia kutoambiana walichonacho. Ukiwanyima maneno, watatumia nyusi.

Briji ni ndugu wa mbali wa michezo hii. Haichezwi vijiweni kwetu, lakini kanuni ya kula karata na turufu ni ileile. Wanakaa wanne, wawili kwa wawili wakitazamana, kila mmoja ana karata 13. Tofauti ni kwamba kabla ya karata ya kwanza kutupwa kuna mnada. Kila mtu kwa zamu anataja ahadi: upande wetu utashinda mizunguko kadhaa, turufu ikiwa fulani. Utaratibu wa kisasa wa kuhesabu ahadi hizo alitengeneza Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini. Lugha ya mnada huo ina maneno 15 tu: namba moja hadi saba, pau, uru, kopa, shupaza na bila turufu, halafu kupita, kuzidisha mara mbili na kuzidisha tena. Huruhusiwi kuongeza neno, wala sauti, wala jicho. Na mnada haurudi nyuma: kila anayetaja lazima apande juu ya aliyetangulia.

Wachezaji huhesabu nguvu ya mkono kwa pointi: ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1. Zote ni 40, kwa hiyo wastani wa mtu ni 10. Sasa fikiria umegawiwa 23. Karata kali kwelikweli. Utasema nini?

Akili ya kawaida inasema upige kelele. Taja tano, taja sita, wote wajue nani yuko mezani. Wachezaji wa briji wamefika mahali tofauti kabisa. Katika mpangilio unaotumiwa na watu wengi duniani, mwenye mkono wa pointi 22 na kuendelea huanza kwa kusema pau mbili. Neno hilo ndilo la chini kabisa katika ngazi ya pili, na wala halimaanishi kwamba ana pau. Maana yake ni moja: mwenzangu, nina nguvu nyingi sana, tuongee. Anayefungua kwa kishindo, kwa mfano kopa tatu moja kwa moja, kwa kawaida ni mtu dhaifu: ana kopa saba na pointi chache. Anaruka juu ili kuwazibia njia wapinzani.

Yaani dhaifu anapaza sauti, mwenye nguvu anaongea chini. Tungesema debe tupu haliachi kuvuma, tukaishia hapo. Lakini methali hiyo inamsema debe tupu, haituelezi kwa nini debe lililojaa linyamaze. Na sababu ya briji haina uhusiano na unyenyekevu. Maneno ni machache na mnada haurudi nyuma. Kila ngazi unayoiruka umemnyang'anya mwenzako maneno ambayo angeyatumia kukueleza alichonacho. Dhaifu anaruka kwa sababu anataka watu wanyamaze. Mwenye nguvu hana haja ya mtu kunyamaza. Kitu pekee anachokosa ni habari za upande wa pili wa meza, na akiruka atazizika mwenyewe.

Kuna mambo mawili zaidi katika hizo pau mbili. La kwanza, mwenzako akizisikia haruhusiwi kupita, hata kama mkononi hana kitu. Lazima ajibu. La pili, amewekewa jibu la kusema hana: uru mbili. Katika mapatano mengi neno hilo humaanisha, nimekusikia, kwangu pakavu, au angalau subiri kwanza. Halimwaibishi. Ni neno kama maneno mengine, na mchezo unaendelea vizuri kwa sababu limesemwa mapema.

Sasa tutoke mezani, twende kwenye kikao cha harusi.

Kila anayeishi Dar anavijua. Kamati inaundwa, mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Bajeti inasomwa: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC, matarumbeta. Kisha inafika sehemu ya ahadi. Mwenyekiti anasema, haya ndugu zangu, nani atufungulie dimba? Kimya kidogo. Halafu mjomba mwenye biashara Kariakoo, kwa nia njema kabisa, anasimama: "Mimi milioni moja." Makofi, vigelegele. Baba mdogo anafuata, laki tano. Shemeji, laki tatu. Zamu inafika kwa shangazi anayekaanga vitumbua Mbagala. Mfukoni ana uwezo wa elfu ishirini, na elfu ishirini kwake ni mtaji wa siku mbili. Ataanzaje kuitamka? Anasema laki moja. Wanapiga makofi. Jina lake linaandikwa kwenye grupu, safu ya ahadi, na pembeni yake safu ya alicholipa inabaki tupu mpaka wiki ya mwisho, ndipo anapokwenda kukopa kausha damu.

Mjomba hajamkosea mtu adabu. Hakusema uongo, na milioni atatoa. Lakini amefungua juu mno, na kwa kufungua hivyo ameyafuta maneno yote yaliyokuwa chini yake. Elfu ishirini ilikuwa neno halali kabla hajasimama. Alipokaa, imekuwa aibu. Swali la maadili liko hapo: je, mtu mwenye nguvu anawajibika kwa maneno ambayo wengine wanashindwa kuyasema kwa sababu yeye ameshasema?

Mimi naona anawajibika. Kila mtu huchukua ahadi yake mwenyewe, kweli, wala hatuwezi kumbebesha mjomba deni la shangazi. Lakini mjomba ndiye pekee chumbani ambaye angeweza kuanza namna nyingine bila kupoteza chochote. Shangazi akianza na elfu ishirini wanamwonea huruma. Mjomba akianza na neno dogo hakuna wa kumwonea huruma. Kila mtu anajua duka lake liko wapi. Uwezo wa kuongea chini bila kudharauliwa ni mali, na yeye anayo.

Najua yatakayosemwa. La kwanza: huo si unafiki? Mtu ana milioni, aseme elfu hamsini, ajifanye maskini? Hapana, na briji inatusaidia kutenganisha. Pau mbili hazifichi nguvu. Zinaitangaza, ila kwa neno lisilojaza chumba. Mjomba angeweza kusema: "Mimi nimo, mwenyekiti. Kila mtu aseme anachoweza, mimi nitamaliza wa mwisho." Hapo hakuna aliyedanganywa. Nguvu imetajwa, namba haijatajwa, na shangazi amepewa uru mbili yake.

Tena sheria ya briji ni kali zaidi upande huu. Maana ya pau mbili si siri ya wawili. Mpinzani akiuliza zinamaanisha nini, lazima aelezwe. Siri ndiyo dhambi. Mwaka 1975, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Bermuda, wachezaji walitenganishwa kwa pazia kati ya mtu na mwenzake wasitazamane, na hata hivyo wachezaji wawili wa Italia wakaripotiwa kwa mambo ya miguu chini ya meza, wakakaripiwa. Nyusi zikizibwa, watu wanatumia vidole vya miguu. Kwa hiyo sisemi mjomba amkonyeze shangazi pembeni kwamba atamlipia. Hilo litamwokoa shangazi mmoja na kumwacha mwingine. Nasema utaratibu uwe wazi kwa wote.

La pili lina uzito zaidi. Mwenyekiti yeyote mzoefu atakwambia: asipoanza mtu na kubwa, fedha hazipatikani. Ahadi kubwa inavuta ahadi. Ni kweli, inavuta. Lakini tuulize inavuta kutoka wapi. Kwa baba mdogo inavuta kutoka kwenye uvivu wake, na hilo ni jema. Angetoa laki mbili, sasa anatoa tano. Kwa shangazi inavuta kutoka kwa mkopeshaji. Njia ileile inaamsha mmoja na kumzamisha mwingine, na aliyefungua dimba hajui ni nani na nani, kwa sababu hakusikiliza kwanza. Mwenye pointi 23 akiruka hadi sita bila kumsikia mwenzake, siku nyingine atafaulu. Siku nyingine mwenzake hana hata ghulamu, na ahadi inavunjika wote wawili wakiwa ndani yake. Kwenye briji hakuna adhabu ya mtu mmoja. Ni ya upande.

La tatu ni la kijana wa bodaboda aliyetamka laki tatu akiwa hana. Yeye si mwenye nguvu, mbona naye kapaza? Kwenye briji naye ana haki hiyo, na mwenzake hadanganyiki, kwa kuwa wamekubaliana kwamba kishindo maana yake udhaifu. Kwenye kikao hakuna makubaliano hayo. Kishindo cha anacho na kishindo cha hana vinaandikwa kwa wino mmoja. Ukimlaumu kijana, kumbuka kwamba hakuwekewa neno lingine la kuficha mifuko mitupu.

Wasomaji wa Shaaban Robert watamkumbuka Karama katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951. Ameshitakiwa, mshitaki wake Majivuno ni mtu mkubwa, naye mkononi hana kitu ila visa vya wajumbe sita. Huwa tunamsifia Karama kwa ufasaha. Tumsifie na mfalme kidogo: mwenye karata zote alikaa akasikiliza mpaka mwisho. Angetamka hukumu siku ya kwanza asingevunja kanuni yoyote, na Karama asingekuwa na mahali pa kuweka neno lake la kwanza.

Lakini briji haimruhusu mwenye nguvu abaki chini milele, na hapa wapole wengi huteleza. Akishasema pau mbili na kusikia jibu, zamu yake ya pili lazima aonyeshe alichonacho hasa, na apande mpaka mahali panapostahili. Mwenye pointi 23 anayesema neno dogo halafu akanyamaza amemsaliti mwenzake kuliko yule aliyeruka. Mjomba aliyesema "nitamaliza wa mwisho" lazima amalize. Pengo likiwa milioni mbili, macho yote yatakuwa kwake, na ndiyo gharama ya kuanza chini. Labda ndiyo sababu wengi wanapenda kuanza juu: ukishatamka milioni yako na makofi yakapigwa, umemaliza, hakuna atakayekuuliza tena.

Mnada ukiisha na karata ya kwanza ikitupwa, mmoja wa upande ulioahidi hulaza karata zake zote mezani, wazi, na mwenzake anazicheza pamoja na zake. Mara nyingi anayelaza ni yule dhaifu, na katika hizo karata zake za hovyo hutoka moja ndogo, kopa ya nne au ya tano, inayokamilisha ahadi. Kikao nacho kina siku kama hiyo. Shangazi wa vitumbua ndiye anayeamka saa tisa usiku kupika, ndiye anayejua kupanga watu mia tatu kwenye foleni ya chakula. Hilo halikuwa na safu kwenye grupu. Lingejulikana mapema kama angeulizwa una nini, kabla ya kuulizwa unatoa shilingi ngapi.