Je, Uzuri wa Picha Unaitakasa Ramli?

Somo: 2 Wafalme 18:4, Matendo 16:16-19

Vijana wetu wanauliza: "Hizi karata za taroti zilizochorwa vizuri hivi, tunaziona kwenye simu, kuna ubaya gani? Si ni sanaa tu?" Swali hili lisijibiwe kwa kukemea peke yake. Wacha tulichimbe.

Karata hizi zilianza Italia karne ya 15, na zilikuwa mchezo tu, kama karata wanazocheza wazee mtaani hapa Kisauni. Ziko 78, na 22 kati yake zina picha kubwa: jua, mwezi, kifo, gurudumu la bahati. Watawala wa Milan walichorewa zao kwa mkono, zikapakwa dhahabu. Ni katika karne ya 18, huko Ufaransa, ndipo zilipoenea kama chombo cha kupigia ramli. Mwaka 1909, kule London, msanii Pamela Colman Smith alizichora upya, na wachoraji wengi wa leo wanafuata picha zake, kila mmoja kwa rangi na mtindo wake.

Kwa hivyo rangi haina pepo. Mungu mwenyewe alimjaza Bezaleli Roho ili awe fundi wa dhahabu na vito (Kutoka 31). Sasa ubaya uko wapi?

Mwangalie yule nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu, na walioumwa wakapona. Miaka mingi baadaye watu wakaanza kumfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande. Shaba haikubadilika. Ni mioyo iliyobadilika.

Ndivyo inavyoenda. Leo unapenda picha. Kesho kibarua cha bandarini kimeisha, ama mchumba amenyamaza, na unafungua simu "kujaribu tu." Dakika hiyo mchoro umekuwa mganga. Una tofauti gani na yule anayechora mistari mchangani, ama yule aliyebandika tangazo lake kwenye mlingoti wa stima pale Likoni? Ni rangi tu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini tusiwanyooshee vijana kidole peke yao. Kuna mtu anamcheka mwenye karata, naye kwenye kesha anatafuta mtumishi wa kumwambia ataolewa mwezi gani, bahasha iko mkononi. Unabii ni karama ya Roho, hatuupingi. Ila kumbuka yule kijakazi wa Filipi: maneno aliyosema juu ya Paulo na Sila yalikuwa kweli, na bado Paulo alimkemea pepo akatoka. Ukweli wa maneno haukutosha. Mabwana zake walikuwa wanakula kupitia yeye. Basi jipime: unamtafuta Mungu, ama unataka habari za kesho bila Mungu mwenyewe?

Mtoto akivuka feri na mamake haulizi maji yana kina gani. Ameshika mkono. Baba yetu hakutupa ramani ya kesho, alitupa mkono wake. Anayeitaka ramani kwa nguvu ameanza kuuachilia ule mkono.

Kijana mwenye kipaji, chora. Ichore bahari, chora jua likichomoza, msifu aliyeviumba. Lakini kama kuna programu ya karata umewahi kuiuliza maisha yako, itoe leo. Wale wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19). Hawakuvibakisha kwa sababu vilikuwa vya bei.

Tuombe: Bwana, tufundishe kupenda uzuri bila kuusujudia, na kuingia kesho tukiwa tumekushika wewe. Katika jina la Yesu. Amina.