Mzunguko Usiokupeleka Popote

Ukifika Soko la Toi asubuhi, beli za viatu zikiwa zimefunguliwa tu, angalia soli za buti za kupanda milima. Katikati ya meno ya raba kuna udongo mkavu wa bonde la watu wengine. Mtu fulani huko ng'ambo alizunguka nazo kando ya mto wake, akazichoka, zikatufikia. Mama ninayenunua kwake huuchokonoa udongo huo kwa msumari, anapiga rangi, kisha anakutajia bei.

Siku moja nilimwambia nataka jozi ya kutembelea Karura.

"Umepata kazi huko?"

"Hapana, mama. Natembea tu. Nazunguka mto, narudi."

"Unarudi pale pale ulipoanzia?"

"Pale pale."

Akacheka. "Kijana wangu, mimi hutoka Silanga kwa miguu kila siku, na hakuna mtu amewahi niita mtalii."

Nilicheka pia, lakini hilo neno halikuniachilia. Katika mji ambapo wengi hutembea kwa sababu hawana nauli, je, kutembea bila kwenda popote ni anasa ya kuonewa haya?

Mwanzoni nilisema ndiyo. Kisha nikakumbuka kwamba hata hiyo Karura ilipiganiwa. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa na wahuni wa kukodiwa kwa sababu walitaka kupanda mti kwenye ardhi ya umma iliyokuwa inagawiwa wajenzi. Leo unalipa getini, unashuka hadi kwenye maporomoko, ukitaka unakodi baiskeli. Hakuna mtu anayevuja damu kwa ajili ya anasa tupu. Kutaka kuona maji yakipita ni njaa kama njaa nyingine, na mama wa Silanga anayo kama mimi.

Tofauti ni mto anaopewa. Wake ni Motoine, unaopita Kibera na kuingia Nairobi Dam. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953, na kuna wakati watu waliendesha mashua za tanga humo. Sasa ni magugu na taka. Yeye huvuka mto kila siku macho yakiwa chini, akitafuta pa kukanyaga.

Basi ukisafishwa si ni vizuri? Ndiyo, ila tuulize unasafishwa vipi. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa kufufua Mto Nairobi, kilomita 27 hivi, na kwenye mpango wake kuna njia za kutembea na za baiskeli.

Sitasema watu wangeachwa pale. Maji yaliua, na mto ukidai nafasi yake haubishani na mtu. Lakini kumwondoa mtu kwenye hatari ni jambo moja, na kumwondoa kwenye picha ni lingine. Kwa macho mambo haya mawili hufanana kabisa: tingatinga ni lile lile, na vumbi ni lile lile. Huwezi kuyatofautisha siku ya kubomoa. Utayatofautisha baadaye, siku njia imekamilika, miti imeshika na benchi zimepakwa rangi, kwa kuangalia ni nani anayetembea hapo jioni. Kama aliyehamishwa amepata makao karibu, na anaweza kuja na watoto wake bila askari kumuuliza anatafuta nini, basi aliokolewa. Kama hayupo, tulimfagia tu pamoja na taka.

Kwa hivyo sioni haya kutembea. Nitaona haya nikitembea kwa raha mahali ambapo mtu alinipisha bila kuulizwa, nami nikakataa kujua alienda wapi.

Buti nilizinunua. Mama alipokuwa akinifungia, aliuliza, "Huo mzunguko wako huchukua muda gani?"

"Masaa mawili hivi."

"Na kweli lazima urudi pale pale?"

"Ndiyo maana yake, mama."

Akaniwekea buti kwenye karatasi. "Una bahati," akasema, akageukia mteja mwingine.