Hofu ya Kufanywa Zombi

Filamu za Marekani zimetufundisha kumwogopa zombi. Mhaiti huogopa kufanywa zombi. Katika masimulizi ya kwao, mchawi aitwaye bokor humfufua maiti na kumlimisha shambani bila ujira wala hiari, mpaka siku atakapoonja chumvi na kuzinduka. Ni utumwa uleule wa mashamba ya miwa, uliovunjwa na mapinduzi yaliyozaa taifa huru mwaka 1804, ila huu hata kifo, kimbilio la mwisho la mtumwa, hakiukomeshi. Wapo wanaosema ni sumu tu, kama ile ya samaki bunju aliyoitaja mtafiti Wade Davis miaka ya 1980. Hata ikiwa kweli, sumu hueleza mwili kuzimia. Haielezi kwa nini aliyeamka akabidhiwe jembe. Kuiita imani hii ushirikina mtupu ni kuwadhulumu waliotumikishwa.