Desemba Mikono Mitupu

Desemba iliyopita sikuenda ushago. Nilimwambia Mama kazi imebana. Ukweli ni kwamba nauli ilikuwa imepanda na mimi nilikuwa nimesota. Nikabaki Nairobi, kwenye jua kali, nikipita madukani wamebandika theluji ya pamba dirishani.

Usiku nikawa namsoma Seneca. Karibu miaka 2,000 iliyopita, Roma ikiwa kwenye Saturnalia, sherehe zao za Desemba, msimu wa baridi, alimshauri rafiki yake Lucilius atenge siku chache ale chakula duni na avae nguo za bei ya chini, aone kama umaskini anaouogopa unatisha kweli.

Wazo poa. Lakini Seneca alikuwa tajiri. Mazoezi yakiisha, meza ilikuwa inamngoja. Ugali sukuma yangu haikuwa mazoezi.

Hata hivyo alinishika pabaya. Kumbe sikuogopa njaa. Niliogopa kushuka matatu mikono mitupu, majirani wakiangalia.

Nikampigia Mama, nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo. "Kwani nilikuwa nangoja unga ama mtoto?"

Nilienda Januari, nauli iliposhuka. Bado nilibeba unga.