Ushindi Uliofichika Hudaibiya



Kila nifundishapo habari za Hudaibiya, wanafunzi hujibu upesi kwamba ulikuwa ushindi. Jibu ni sahihi, lakini wamelipata kwa bei rahisi, kwa kuwa wanaujua mwisho.

Mwaka wa 6 wa Hijra (628), Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alitoka Madina pamoja na Masahaba wapatao 1,400 ili kufanya Umra. Makureshi wakawazuia. Katika sulhu iliyofanywa, vita vilisimamishwa kwa miaka 10, na Waislamu wakatakiwa warudi mwaka ule bila kuizuru Al-Kaaba. Tena, mtu wa Makka atakayekimbilia Madina bila idhini ya walii wake arudishwe. Bali atokaye Madina kwenda Makka asirudishwe.

Papo hapo akatokea Abu Jandal r.a., akiburura minyororo. Baba yake, Suhail bin Amr, ndiye aliyekuwa mjumbe wa Makureshi. Aliwalilia Waislamu wamwokoe, naye akarudishwa.

Je, ndugu, ungalikuwapo pale ungalisemaje? Hadhrat Umar r.a. alishindwa kunyamaza, akauliza kwa nini wakubali unyonge hali wako katika haki. Na Masahaba walipoamriwa kuchinja wanyama wao, majonzi yaliwalemea wasiinuke. Ndipo kwa shauri la Hadhrat Umm Salama r.a., Mtukufu Mtume s.a.w. akatoka akachinja wake. Nao wakainuka wakachinja, ingawa hekima ya jambo lile ilikuwa bado imefichika kwao.

Wakiwa njiani kurudi, Mwenyezi Mungu aliteremsha Sura Al-Fath. Amani ikawawezesha watu kuchanganyika na kuusikia Uislamu. Hata Khalid bin Walid na Amr bin Al-As wakasilimu. Lile sharti lililomrudisha Abu Jandal, Makureshi wenyewe waliomba liondolewe. Mwaka wa 8 wa Hijra (630) Mtukufu Mtume s.a.w. aliingia Makka na watu 10,000. Naye Hadhrat Umar r.a. alifunga na kutoa sadaka nyingi kwa kuyajutia maneno yake ya siku ile.

Basi tusijione werevu kuliko wao kwa sababu tumezaliwa baada ya tukio. Sisi nasi tunazo Hudaibiya zetu, ambazo mwisho wake hatujauona. Mwenye kungoja aelewe kwanza ndipo atii, ataachwa njiani. Bali atiiye akaendelea na safari, iko siku atageuka nyuma na kuona alikopitishwa.

Mwenyezi Mungu atujalie subira na utii. Amin.